Sura ya Saba: Keki ya Chumvi Nyanda za Juu

Ukitaja keki Mbeya, mwenzako anaona sukari. Anaiona ile ya ubatizo iliyopakwa krimu nyeupe, ile ya kicheni pati ambayo bibi harusi mtarajiwa anawalisha shangazi zake kwa uma, au kile kipande cha kahawia kinachouzwa kioskini kikiwa ndani ya nailoni. Mwambie kwamba yako utaitia kitunguu na nyama, naye atakuuliza kama unaumwa.

Mtu huyohuyo hana ugomvi na sambusa. Hapo unga wa ngano umeifunika nyama na kitunguu, naye anakula tatu na kuulizia ya nne. Saa mbili usiku anasimama kwa mkaanga chipsi pale Mwanjelwa, anaagiza chipsi mayai, wala hashangai kuona viazi vimezama ndani ya yai. Chukua kilichomo kwenye sambusa, chukua mayai ya chipsi mayai, ongeza unga, maziwa na kitu cha kuumulia, mimina vyote kwenye bati moja. Umeshafika jirani kabisa na keki ya chumvi ya Wafaransa.

Kwao huokwa kwenye bati refu la mkate, hukatwa vipande vinene kama kidole gumba, na huliwa kabla ya mlo wa jioni pamoja na kinywaji, au hubebwa siku ya mapumziko familia inapokwenda kula nje. Si chakula cha mahotelini. Ni chakula cha nyumba yenye watoto na jokofu lenye mabaki: kipande cha hemu, jibini iliyoanza kukauka pembeni, zeituni chache zilizosahaulika kwenye chupa. Mwaka 2000 Sophie Dudemaine alichapisha kitabu kiitwacho Les Cakes de Sophie, chote kikihusu keki za bati refu, za chumvi na za sukari, nacho kikanunuliwa sana kwao. Kilichowavutia wasomaji wake ndicho kinachonivutia mimi. Hakuna kukanda, hakuna kusubiri hamira iumuke, hakuna kupiga ute wa yai mpaka mkono ufe ganzi. Bakuli moja, uma mmoja, robo saa ya kazi, kisha moto unamaliza mengine.

Iringa, kwa bahati, si mgeni wa vitu vilivyookwa. Pale mjini kuna Neema Crafts, mradi wa Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ulioanza mwaka 2003 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na mgahawa wake unahudumiwa na viziwi. Unaagiza keki yako kwa kuandika au kwa ishara, na inakuja. Watu wa mji huo wameshazoea kukaa na kikombe cha kahawa na kitu kilichotoka ovenini. Kilichobaki ni kuwaondolea wazo kwamba kitu hicho lazima kiwe kitamu.

Sasa kipimo. Unga wa ngano gramu 180, yaani kikombe kimoja na nusu cha robo lita, ujazwe bila kushindiliwa. Mayai matatu ya kisasa. Kama ni ya kienyeji, ambayo kwa kawaida ni madogo, weka manne. Maziwa mililita 100, mafuta mililita 100, jibini iliyokunwa gramu 100, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga kwa kadiri upendavyo, na beking pauda ambayo nitaijia baada ya muda mfupi kwa sababu ndiyo yenye maneno mengi. Juu ya hayo vijazo, gramu 200 hivi, visipite 250. Piga mayai na maziwa na mafuta, nyunyizia unga uliochanganywa na beking pauda, koroga mpaka unga mkavu usionekane tena, kisha acha. Ukiendelea kukoroga unaikaza ile nguvu ya ngano inayofaa kwa chapati, na keki inatoka ngumu ya kutafuna. Vidonge vidogo vya unga visikutie wasiwasi, vitayeyuka motoni. Mwisho ingiza jibini na vijazo, geuza mara chache kwa mwiko, mimina kwenye bati lililopakwa mafuta.

Karibu vyote hivyo vinapatikana bila kuvuka Kitonga. Maziwa na mtindi wa ASAS vinatoka Iringa. Njombe kuna kiwanda cha maziwa kilichosimama kwa msaada wa Waitaliano, na jibini zake zina asili ya kwao. Hiyo itoshe, jibini ya Kifaransa ya dukani Dar es Salaam ina bei ya kukufanya uache kuoka. Mafuta ya alizeti yanakamuliwa mikoa hii hii. Ila angalia: yaliyokamuliwa mtaani bila kusafishwa yana harufu nzito. Kwenye keki ya nyama ya nguruwe au ya dagaa harufu hiyo ni neema, kwenye keki ya jibini na mboga za majani inameza kila kitu.

Kisha kuna mlima.

Mapishi yaliyoandikwa Paris yameandikwa kwa jiko lililo karibu na usawa wa bahari, na ya Dar es Salaam au Zanzibar hivyo hivyo. Iringa mjini ni mita 1,550 hivi juu ya usawa huo, Mbeya mjini ni kama 1,700. Kwa mwinuko huo kani ya hewa imepungua karibu sehemu moja ya sita, nayo ndiyo inayokandamiza kila povu ndani ya rojo. Povu lisilokandamizwa vya kutosha linavimba kupita kiasi. Keki inapanda haraka, inakupa furaha dakika ya ishirini, halafu kabla kuta zake hazijakomaa mapovu yanapasuka na katikati panazama. Mpishi anailaumu oveni. Wengine wanaongeza beking pauda ili safari ijayo ipande zaidi, na kwa kufanya hivyo wanachimba shimo kubwa zaidi.

Dawa ni kupunguza. Pakiti ya Kifaransa ya beking pauda ina gramu 11, na kawaida yao ni kuimaliza yote kwenye keki moja. Huku kwetu robo yake ibaki: gramu 8, sawa na vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa kisu. Ongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa juu ya zile mililita 100, kwa kuwa unyevu wa juu ya keki unatoroka upesi zaidi kwenye hewa nyepesi, hasa Agosti hadi Oktoba kunapokuwa kukavu. Na oveni, badala ya nyuzi 180 za kitabu, iwe 190, ili kuta zikomae mapema na kuyashika mapovu yakiwa bado mazima. Dakika 45 zinatosha. Kijiti kikitoka kikavu, toa.

Juni na Julai kuna jambo jingine dogo. Asubuhi ya Mbeya, mayai yaliyolala jikoni yana ubaridi wa jokofu, na rojo baridi inachelewa kuanza kuiva huku ganda la juu likishakauka. Yaweke mayai kwenye maji ya vuguvugu dakika chache kabla ya kuyapasua. Maziwa nayo yapate joto la mkono. Basi.

Mlima ukishauelewa, umebaki na adui mmoja tu, na huyu unamwingiza mwenyewe kwa mkono wako. Ni maji. Nyanya mbivu ni maji kwa takriban asilimia 94, uyoga na spinachi ni kama asilimia 90. Ukikatakata gramu 200 za nyanya mbichi ukazitupa kwenye rojo, umeongeza karibu gramu 190 za maji, na maziwa yote ya kipimo chetu hayafiki 150. Umepika uji ndani ya bati. Juu panakuwa kahawia na pazuri, chini panabaki pamelowa na kunata kwenye kisu, na hata ukiongeza nusu saa motoni hupati nafuu. Maji huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, chini kidogo kwa Mbeya, na kitovu cha keki hakiwezi kuwa cha moto kuliko hapo mpaka maji ya ziada yaondoke. Kabla hayajaondoka, pembeni pameshaungua. Kwa hiyo kila kijazo kinachozungumzwa katika sura hii kina swali moja la kujibu kabla ya kuingia bakulini: maji yako umeyaacha wapi?

Anza na nyanya, maana barabara kuu yenyewe inakulazimisha. Ukipita Ilula kuelekea Iringa, ndoo zimepangwa kandoni, nyekundu tupu, na msimu wa mavuno bei inashuka mpaka unamwonea mkulima huruma. Nunua ndoo. Kata kila nyanya vipande viwili, kamua mbegu na maji kwa kidole gumba, nyunyizia chumvi kidogo, zipange uso juu kwenye trei na uziache kwenye oveni ya moto mdogo kwa saa mbili, au juu ya jiko la mkaa linalofifia baada ya kupika maharage. Zikinywea na kukunjamana, ladha yake imekuwa kali na tamu kwa pamoja, na nyanya sita zinaingia kwenye keki moja bila kuilowesha. Vitunguu vya huko huko vinataka uvumilivu tu: moto mdogo, kijiko cha mafuta, kugeuzageuza mpaka vibaki theluthi ya vilivyokuwa na rangi iwe ya asali. Keki ya nyanya hizo na vitunguu hivyo na jibini ya Njombe ndiyo ninayompa mtu anayeonja kwa mara ya kwanza. Sijaona aliyeirudisha.

Uyoga una heshima yake peke yake. Mvua zikikolea, kuanzia Desemba mpaka karibu Aprili, akina mama na watoto wanasimama na mabeseni kando ya barabara ya Iringa kwenda Mafinga. Ule wa rangi ya chungwa, mdogo, wenye mikunjo chini ya kofia, ni wa jenasi ya Cantharellus, ndugu wa damu wa uyoga ambao Wafaransa wanaulipia pesa nyingi kwenye masoko yao ya vuli na kuupikia mayai. Kwa mara moja, basi, mpishi wa Iringa yuko mbele ya mpishi wa Paris: wake umechumwa leo, na kwa bei ya fungu.

Lakini uyoga wa porini haubahatishwi. Usichume mwenyewe kwa kutazama picha. Nunua kwa anayeuchuma tangu utotoni, na uliza.

"Kamwene, mama. Huu ni wa leo?"

"Wa alfajiri, mwanangu. Ungekuja jana usingeupata mzuri hivi."

"Na nyumbani mnaula huu huu?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Anayeuza asichokula mwenyewe utamjua usoni. Ukifika nyumbani safisha kwa brashi au kitambaa chenye unyevu, usiuloweke, maana unanyonya. Weka kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, na chumvi. Utaanza kutoa maji yake, yatajaa kikaango, na mtu mwenye haraka atadhani umeharibika. Acha yakauke yenyewe. Sikiliza: sauti ya kuchemka itageuka kuwa sauti ya kukaanga. Hapo ndipo mafuta na kitunguu saumu vinapoingia, dakika mbili, kisha upoe. Keki ya uyoga haitaki kingine zaidi ya jibini. Pilipili hoho ndani yake ni kelele.

Keki maarufu kuliko zote kwa Wafaransa ni ya hemu na zeituni. Zeituni huku ni kitu cha supermaketi, na hemu vilevile, ila Mbeya ni mji wa kitimoto na hauhitaji kufundishwa nyama ya nguruwe. Kata vipande vidogo kama punje ya mahindi mabichi, kaanga polepole mpaka mafuta yake yatoke na nyama ikauke kingo. Mafuta hayo yapime: ukiyatumia, punguza ya alizeti kwa kiasi hicho hicho, la sivyo keki itatokwa jasho kwenye sahani. Kazi ya zeituni ilikuwa kuleta uchachu na chumvi kukata unono wa nyama. Kazi hiyo inafanywa vizuri na vipande vichache vya achari ya limau vilivyokaushwa rojo yake. Sosi ya pilipili ya Dabaga, kiwanda cha Iringa ambacho nchi nzima inakijua kwa chupa zake, ikae pembeni ya sahani. Ukiitia ndani umerudisha maji uliyoyatoa kwa taabu. Na kama wageni wako wamechanganyika, kama walivyochanganyika majirani wengi wa miji hii, bati la kitimoto liwe lake na kisu chake, na la wasiokula liokwe kwanza.

Dagaa wa Ziwa Nyasa wanapanda kutoka Kyela wakiwa wamekaushwa tayari, kwa hiyo swali la maji wameshalijibu. Toa vichwa, wapashe kwenye kikaango kikavu mpaka wanukie, wakamulie limau, wachanganye na kitunguu kilichokaangwa na hoho nyekundu. Gramu 60 zinatosha, na nafasi iliyobaki ijazwe na mboga. Chumvi ya kipimo ipunguze kwa nusu. Jibini, kwa maoni yangu, isiingie hapa, ijapokuwa najua wapo watakaobisha. Badala yake ongeza kijiko kimoja cha unga na bizari ya kutosha kuipa rangi.

Viazi vya Uyole na Isongole havina shida: chemsha vikiwa na maganda, vipoe kabisa, kata vidogo, changanya na majani ya vitunguu. Mboga za majani, iwe spinachi au majani ya maboga, chovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja kisha kamua kwa mikono miwili, na ukishadhani umemaliza, kamua tena. Maharage ya jana yaliyochujwa yanaingia vizuri. Soseji pia, kwa watoto, ingawa ni njia ya uvivu.

Parachichi, hapana. Najua Rungwe na Njombe zimejaa miparachichi, na najua msimu ukifika kila nyumba inatafuta pa kuyapeleka. Lakini moto wa dakika 45 unalitia parachichi uchungu ambao hakuna chumvi itakayouficha. Liponde likiwa bichi na limau na chumvi, lipake juu ya kipande cha keki kilichopoa.

Vijazo vyote hivi vina tabia ya kuzama. Vikate vidogo, vigaagaze kwenye kijiko cha unga kabla ya kuvitia, na rojo yako iwe nzito kiasi cha kudondoka mwikoni kwa mapande, isimiminike. Ikimiminika, rudi juu usome tena habari ya maji.

Mwenye oveni ya umeme ana raha mpaka umeme ukatike. Ukikatika keki ikiwa ndani, usifungue mlango kuichungulia. Joto lililobaki, kama dakika 25 zimeshapita, mara nyingi linatosha kuimalizia. Ukikatika kabla hujaiingiza, usiiache rojo kwenye bati ikisubiri, kwa kuwa beking pauda imeshaanza kazi bakulini na haitakusubiri. Washa mkaa.

Kwenye mkaa, tandaza mchanga mkavu unene wa vidole viwili ndani ya sufuria kubwa, funika, upashe moto kwa robo saa. Bati likae juu ya mchanga, au juu ya mawe matatu madogo kama sufuria ni ndefu. Makaa yagawanywe, mengi yakae juu ya mfuniko na machache chini, kinyume na mkono wa mpishi unavyotaka. Chini mchanga umeshahifadhi joto lake. Ganda la juu halina msaada mwingine ila makaa ya mfunikoni. Kujua moto umefikia wapi, nyunyiza unga kidogo kwenye kibati kitupu, kiingize, kifunike. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa baada ya dakika tatu au nne, mimina. Ukiwa mweusi, toa makaa ya chini usubiri. Usifunue kabla ya nusu saa. Mafundi wa bati wanatengeneza pia oveni za mkaa za mlango na rafu, na anayeoka kila wiki atafidia gharama yake haraka, ila anza na sufuria.

Ikitoka iache ndani ya bati dakika kumi, kisha igeuze kwenye waya. Kisu kisiiguse mpaka ipoe kabisa. Ikikatwa ya moto inamomonyoka, na jibini bado ni uzi. Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza, kwa kuwa vijazo vimeshaingiliana na ngano. Vipande vya siku ya pili pashia kwenye kikaango cha chapati, bila mafuta, kila upande mpaka uwe na ganda, unywe na chai ya rangi yenye tangawizi.

Inasafiri vizuri pia. Hainyunyizi mafuta kwenye nguo kama sambusa, haidondoshi makombo kama mkate, na kwenye treni ya TAZARA, ambako kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam unakula zaidi ya mlo mmoja njiani, keki nzima iliyofungwa kwenye kitambaa safi inatosha watu wanne mpaka kesho yake. Chukua ya viazi au ya vitunguu. Ya nyama iliwe siku hiyo hiyo, maana ukishaingia joto la Kilombero hailali salama. Ya dagaa iache nyumbani. Abiria wenzako hawajakukosea chochote.